Bustani ya Roshani: Mbegu Ndiyo Swali la Mwisho

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Jiji lililozoea kutanuka kwa nyumba za chini zenye ua sasa linapanda juu. Upanga, Kariakoo, Mikocheni, Kijitonyama, hata Sinza, viwanja vilivyokuwa na mwembe mmoja na tuta la mchicha nyuma ya jiko vimeota maghorofa. Aliyehamia ghorofa ya nne hakuiacha hamu ya kuchuma mboga kwa mkono wake. Alichokiacha ni ardhi. Kilichobaki ni roshani ya mita mbili kwa tatu, mara nyingi hata chini ya hapo, nayo ina kamba ya nguo, mtungi wa gesi na mashine ya kiyoyozi.

Je, mtu ambaye hajawahi kulima anaweza kupata mboga ya maana mahali kama hapo? Na aanzie wapi? Anaweza, ila wengi huanza kinyume. Wananunua kwanza pakiti ya mbegu yenye picha ya nyanya nyekundu, kisha ndipo wanapoitafutia chombo, udongo na pa kuiweka. Miezi miwili baadaye mche ni mrefu, mwembamba, una majani ya njano na hauna tunda hata moja. Mwenyewe anahitimisha kwamba hana mkono wa kilimo. Hitimisho hilo si la haki. Mbegu ndiyo swali la mwisho. Kabla yake kuna jua, uzito, udongo na maji, na kila moja linapunguza orodha ya mimea inayowezekana. Anayeyajibu kwa mpangilio huo hubaki na orodha fupi, na sehemu kubwa ya orodha hiyo itafika sufuriani.

Roshani inaweza kutoa nini?

Tuanze na hesabu, kwa sababu matarajio makubwa mno yameua bustani nyingi kuliko wadudu. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Familia ya watu wazima wanne inahitaji basi kilo 1.6 kila siku. Mchicha uliotunzwa vizuri hutoa takriban kilo 2 hadi 4 kwa mita ya mraba katika mavuno mamoja. Mdomo wa ndoo ya lita 20 una upana wa sentimita 30 hivi, yaani eneo la mita ya mraba 0.07. Ndoo moja itakupa gramu 140 hadi 280 kwa mkupuo: mboga ya mlo mmoja kwa watu wawili, kisha usubiri wiki kadhaa. Hata ndoo kumi haziwezi kuitoa familia sokoni, na fungu la mchicha bado ni miongoni mwa vyakula vya bei nafuu kabisa mjini.

Kwa hiyo anayeanza kwa nia ya kupunguza bajeti ya mboga atavunjika moyo. Faida ya roshani iko kwingine. Iko kwanza kwenye vitu vinavyotumika kidogo kidogo: giligilani, mnanaa, rehani, vitunguu majani, mchaichai, pilipili. Sokoni unanunua fungu zima, unatumia matawi matatu, mengine yanaozea kwenye friji. Ukiwa na mche hai hatua tano kutoka jikoni, unachuma unachohitaji na kilichobaki kinaendelea kukua.

Faida ya pili ni kujua mboga yako imekulia wapi. Tafiti zilizofanyika Dar es Salaam, kwenye mboga zinazolimwa kandokando ya mto Msimbazi na mto Sinza, zimekuta metali nzito katika majani yanayoliwa. Anayelima mwenyewe anaweza kuikwepa hatari hiyo, lakini kwa sharti moja: asichote udongo kutoka kwenye mabonde hayohayo. Tutalirudia jambo hilo.

Faida ya tatu haiingii kwenye mizani, nayo ni kubwa. Mtoto aliyezaliwa ghorofani anaona bamia ikitoa ua, kisha ua likigeuka tunda. Naamini hilo peke yake linatosha kuhalalisha ndoo mbili na mchanga sakafuni.

Jua: usifuate kitabu cha Ulaya

Maelekezo mengi ya bustani za vyombo yameandikwa na watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, nayo husisitiza roshani inayotazama kusini. Kwao ni sahihi, kwa kuwa jua lao la mchana liko kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Hapa jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi katikati ya Oktoba, kisha linahamia kusini kwa miezi iliyobaki. Nairobi, iliyo kama nyuzi 1.3 tu kusini mwa Ikweta, inaugawa mwaka karibu nusu kwa nusu.

Tena jua letu la mchana liko juu sana, na roshani nyingi zina dari, ambayo ni sakafu ya roshani ya jirani wa juu. Mwezi Desemba, katika roshani ya Dar es Salaam inayotazama kusini na yenye dari ya mita 2.5, jua la saa sita huingia ndani kiasi cha robo tatu ya mita tu kutoka ukingoni. Mwezi Juni roshani hiyohiyo haipati jua la mchana kabisa. Kinyume na kitabu, roshani bora kwetu ni zile zinazotazama mashariki au magharibi, kwa sababu asubuhi na alasiri jua huwa chini na hupenya hadi ukutani. Kati ya hizo mbili, ya mashariki ni rahisi zaidi kwa anayeanza: jua la asubuhi ni la upole, na chombo hakichemki. Ya magharibi hupokea jua kali la saa nane hadi saa kumi na moja. Nyanya, bamia na pilipili huistahimili, lakini mnanaa utaungua.

Kupima hakuhitaji kifaa. Chagua siku isiyo na mawingu, chukua chaki, na kila baada ya saa mbili weka alama sakafuni mahali jua linapofika, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ukipata saa sita au zaidi za jua, mimea ya matunda kama nyanya, bilinganya, hoho na bamia inawezekana. Saa nne hadi tano zinatosha mboga za majani: mchicha, spinachi, matembele, sukuma wiki. Saa tatu zinatosha mnanaa na vitunguu majani. Chini ya hapo, panda maua ya kivulini na uendelee kununua mboga. Huo nao ni uamuzi wa busara. Kama ukingo wa roshani ni ukuta usiopitisha mwanga, jua linaloonekana hewani halifiki sakafuni, hivyo inua vyombo juu ya matofali au kreti za soda.

Uzito, upepo na jirani wa chini

Lita moja ya maji ina kilo moja, na udongo ulioloa ni mzito kuliko maji. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo na kumwagiliwa inafika kilo 30, na udongo wa mfinyanzi unazidi hapo. Ndoo kumi ni kilo 300, sawa na watu wazima wanne au watano waliosimama mahali pamoja usiku na mchana, bila kuondoka.

Roshani nyingi ni bamba la zege lililoshikwa upande mmoja tu, upande wa nyumba. Mzigo uliowekwa ukingoni huielemea zaidi kuliko mzigo uleule uliowekwa karibu na ukuta wa nyumba. Panga basi vyombo vizito ukutani na vyepesi nje. Kwenye miji ya pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Zanzibar, kuna jambo la ziada: hewa ya chumvi hula nondo zilizomo ndani ya zege. Ukiona nyufa, madoa ya kutu au zege lililobanduka hadi nondo kuonekana, usiweke bustani hapo. Mwambie mwenye jengo kwa maandishi.

Vyombo visikae juu ya ukingo wala kutundikwa upande wa nje. Upepo wa kusi, unaovuma kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, una nguvu kubwa zaidi ghorofa za juu, na chungu kikianguka kutoka huko kinaua. Upepo huohuo hukausha udongo na kuchana majani mapana. Neti ya kivuli iliyofungwa vizuri kwenye ukingo huupunguza kasi bila kuuziba; ubao mzima huugeuza tu na kuufanya uzunguke ndani.

Kisha kuna jirani. Maji ya tope yanayodondokea nguo zake zilizoanikwa yatamaliza ujirani mwema ndani ya wiki moja, kwa hiyo kila chombo kiwe na sahani yake. Wapangaji wasome mikataba yao. Wanaomiliki nyumba ndani ya ghorofa wakumbuke kwamba Tanzania ina Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, na Kenya ina yake ya mwaka 2020. Zote zinatenganisha sehemu yako na sehemu za pamoja, na uangalizi wa jengo unabaki suala la wamiliki wote. Kaunti ya Nairobi imepiga hatua zaidi: tangu 2015 ina sheria mahsusi ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini. Mazungumzo mafupi na kamati ya jengo kabla ya kupandisha udongo kwenye ngazi huokoa ugomvi mrefu.

Chombo na udongo

Chombo hakihitaji kuwa kizuri. Kinahitaji kuwa na kina na kiwe salama. Mchicha na giligilani huridhika na kina cha sentimita 15. Spinachi na sukuma wiki huhitaji 20 hadi 25. Nyanya, hoho na bilinganya huhitaji angalau 30, mche mmoja kwa kila ndoo ya lita 20. Kosa la kawaida ni kununua vyombo vidogo vingi. Chombo kidogo hukauka kabla ya saa nane mchana, na mmea unaokauka na kuloa, kukauka na kuloa, haupati nafasi ya kukua. Vitano vikubwa vina faida kuliko ishirini vidogo.

Ndoo na madumu yaliyokuwa na mafuta ya kula yanafaa kabisa. Yaliyokuwa na dawa za wadudu, kemikali za viwandani au rangi ya mafuta hayafai hata yakioshwa. Gunia pia linafaa, na lina historia ya heshima: baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007 nchini Kenya, bustani za magunia zilienezwa Kibera, ambako familia zilipanda sukuma wiki na spinachi juu na ubavuni mwa gunia moja. Chombo cheusi kinachopigwa na jua la alasiri hupika mizizi. Kipake rangi nyeupe kwa nje au kivishe gunia.

Toboa chini matundu matano au sita yenye upana wa kidole. Wengi hutandaza kokoto chini wakiamini zitasaidia maji kutoka. Hazisaidii. Maji husita pale udongo laini unapokutana na kokoto, na sehemu iliyoloa sana husogea juu, karibu zaidi na mizizi. Weka kipande cha neti kuzuia udongo usimwagike, basi.

Udongo wa shambani peke yake hushikana kama tofali ndani ya ndoo. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu mbili za udongo mweusi wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza au mboji, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni au maganda ya mpunga. Pwani kuna hazina ambayo bado hatujaithamini: vumbi la makumbi ya nazi, ambalo ni jepesi na linashika maji vizuri. Lilowekwe na kusuuzwa mara mbili au tatu kutoa chumvi. Mchanga wa ufukweni usiguswe, kwa sababu hiyohiyo. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi na hubeba vijidudu vya tumbo. Iache ioze kwa miezi mitatu hadi isitoe harufu kali.

Na hapa lirudi lile la Msimbazi. Udongo wa bure kandokando ya barabara kuu, chini ya daraja, kwenye gereji au mabondeni ni udongo uliopokea uchafu wa miaka. Petroli yenye madini ya risasi iliachwa kusini mwa Sahara mwaka 2006, lakini risasi haiozi. Iliyotua ardhini bado ipo. Nunua udongo kwa wauza miche, uwaulize unatoka wapi. Gharama hiyo italipwa mara moja, na udongo utatumika miaka ukiongezewa mboji.

Maji

Ndoo yenye mmea uliokomaa hunywa lita moja kwa siku, na nyanya yenye matunda wakati wa kiangazi hunywa mbili au zaidi. Vyombo kumi ni nusu ndoo hadi ndoo nzima kila siku. Katika jengo lenye mgao wa maji, swali hili lina uzito kuliko swali la mbegu. Maji yaliyosuuza mchele au mboga yanafaa. Ya sabuni ya unga hayafai. Matandazo ya majani makavu au makumbi juu ya udongo hupunguza sana ukaukaji.

Usimwagilie kwa saa, mwagilia kwa kidole. Kizamishe hadi pingili ya pili: kikitoka na unyevu, subiri. Wanaoanza huua mimea kwa maji mengi kuliko kwa ukame, na miche inayolala ghafla chini kama iliyokatwa mara nyingi imepatwa na kinyausi, ugonjwa wa fangasi unaopenda udongo uliolowa na miche iliyobanana.

Majengo mengi ya Dar es Salaam yanategemea visima, na maji ya baadhi ya visima hivyo yana chumvi. Ukiona ukungu mweupe ukiganda kwenye mdomo wa chombo, hiyo ndiyo dalili. Spinachi huvumilia chumvi vizuri na mchicha kwa kiasi. Maharage, karoti na vitunguu haviwezi. Kinga maji ya mvua ya masika na vuli, na mara moja moja mwagilia kwa wingi hadi maji yatoke chini ili yaondoke na chumvi.

Maji hayo ya kwenye sahani yamwagwe. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeieneza huzaliana kwenye maji machache yaliyotulia, huku akiuma mchana. Kutoka yai hadi mbu kamili ni kama siku saba hadi kumi. Bustani isiyomwagwa sahani zake walau mara moja kwa wiki inageuka hatari kwa jengo zima.

Sasa, mbegu

Ukifika hapa orodha yako imekuwa fupi yenyewe. Kwa Dar es Salaam na miji mingine ya joto, mmea wa kwanza ninaoupendekeza ni matembele. Hauhitaji mbegu: omba vipande vya shina vya sentimita 25, vizike nusu, na baada ya wiki tano au sita unaanza kuchuma, tena utachuma kwa miezi. Wa pili ni mchicha, ambao uko tayari ndani ya wiki tatu hadi nne; hakuna mwalimu bora kwa asiye na subira. Changanya mbegu zake na mchanga kabla ya kusia ili zisirundikane. Miche ikibanana, ng'oa mingine bila huruma. Mchelea mwana kulia hulia yeye: anayeionea huruma miche hamsini katika ndoo moja havuni hata mmoja wenye afya.

Ongeza pilipili, inayozaa muda mrefu katika chombo kimoja, na mnanaa, upewe chombo chake peke yake kwa kuwa hufukuza wenzake. Giligilani ipandwe wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Kwenye joto hukimbilia kutoa maua. Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, mambo hugeuka: giligilani, spinachi na sukuma wiki hustawi karibu mwaka mzima, na mchicha ndio unaozubaa Julai. Nyanya iache msimu wa pili. Inataka jua, mti wa kuiegemea na maji yasiyokatika, na kantangaze, kiwavi anayechimba mahandaki ndani ya majani, hupanda hadi ghorofani. Vidukari na utitiri wa mboga nyingine hudhibitiwa kwa kugeuza majani kila siku mbili, kuosha upande wa chini kwa maji, na kunyunyiza maji yaliyolowekwa majani ya mwarobaini.

Kila baada ya wiki mbili au tatu ongeza konzi ya samadi iliyooza, kwa sababu kila umwagiliapo rutuba kidogo hutoka na maji.

Hukumu yangu ni hii: bustani ya roshani inawezekana kwa yeyote mwenye saa nne za jua na ndoo nusu ya maji kwa siku, lakini haichukui nafasi ya soko wala ya mkulima wa mboga wa Lushoto. Thamani yake ni ubichi, usalama na elimu. Wachora ramani na wenye majengo wana wajibu pia: bomba moja la nje, mfereji wa kutolea maji roshanini na kauli ya wazi kuhusu uzito unaoruhusiwa ni gharama ndogo jengo linapojengwa, na ni kubwa baadaye. Nawe msomaji, kabla ya kununua pakiti yoyote ya mbegu, nunua chaki. Pima jua lako wiki hii, kisha anza na vyombo vitano tu: viwili vya matembele, kimoja cha mchicha, kimoja cha pilipili na kimoja cha mnanaa.